Kipoza oili cha giaboksi: kukichagua na kukifunga kisikuletee balaa

Kinachoua giaboksi nyingi za otomatiki kwenye barabara zetu ni joto. Gari lina watu saba, keria imejaa mizigo, AC inafanya kazi, na mbele yako semitrela inapanda Kitonga kwa mwendo wa mtu anayetembea. Unakanyaga, unaachia, unakanyaga, unaachia, mpaka mnafika juu. Anayetoka Mai Mahiu kuelekea Limuru anayajua hayo, vivyo hivyo anayepandisha Lushoto kutoka Mombo na anayevuta trela la boti kwenye mchanga wa pwani. Muda wote huo mshale wa joto la injini umetulia katikati, dereva hana wasiwasi, kumbe oili ya giaboksi inaungua.

Joto hilo huzaliwa zaidi ndani ya konvata, iliyo kati ya injini na giaboksi. Gari linapovuta kwa shida, konvata haishikani chuma kwa chuma. Upande wa injini hurusha oili, na oili hiyo ndiyo inayousukuma upande wa giaboksi. Kadiri pande hizo mbili zinavyopishana kasi, ndivyo nguvu ya injini inavyopotea na kuwa joto. Kwenye barabara tambarare, mwendo ukishatulia, konvata hujifunga, pande zote mbili zikazunguka pamoja na joto likashuka. Mlimani, kwenye tope na kwenye foleni ya kusogea hatua mbili mbili, haijifungi.

Magari mengi hutoka kiwandani na kipoza kidogo kilichofichwa ndani ya tangi la rejeta. Oili hupita humo ikizungukwa na maji ya rejeta. Lakini maji hayo yenyewe yana nyuzi 85 hadi 90 injini ikiwa imepata moto, na oili haiwezi kutoka humo ikiwa baridi kuliko maji yaliyoipoza. Injini ikizidiwa, maji na oili hupanda pamoja. Kipoza cha nyongeza hukaa mbele ya rejeta na kupozwa kwa upepo, na hata mchana wa Dar es Salaam upepo hauzidi sana nyuzi 35. Faida yote imo kwenye tofauti hiyo.

Kuhusu viwango, kumbuka hivi: oili ikiwa kati ya nyuzi 80 na 95, giaboksi iko salama. Ikifika 115 huanza kuacha utando wa kahawia kwenye vali. Karibu na 130 sili za mpira hukakamaa, na karibu na 150 pleti za klachi huteleza na kuungua. Mafundi wana kanuni ya miaka mingi kwamba kila nyuzi 11 zinazozidi 80 hupunguza umri wa oili kwa nusu. Piga hesabu: oili ambayo ingedumu kilomita 80,000 kwenye nyuzi 80, ukiiendesha kwenye nyuzi 113 imechoka kwa kilomita 10,000.

Mwongozo huu nauandika nikiwa na gari moja akilini, Toyota Hilux Surf yenye injini ya 1KZ-TE, dizeli ya lita 3 yenye tabochaja, kwa sababu zimejaa huku kwetu na zinafanyishwa kazi ngumu. Injini hiyo inajulikana kwa kupasuka silinda hedi ikichemka, kwa hiyo kuipunguzia rejeta mzigo wowote wa joto ni jambo la maana. Prado za umri huo zinafuata utaratibu uleule, na hata gari dogo la otomatiki halitatofautiana sana, ila nafasi tu ndiyo itakayobana.

Kwanza, chunguza kama inafaa

Kipoza hakitibu giaboksi iliyokwisha kuugua. Kabla ya kununua chochote, chomoa stiki ya giaboksi, dondosha tone moja la oili kwenye karatasi nyeupe ya chooni, kisha liangalie likisambaa. Oili nzima ni nyekundu au ya waridi iliyokolea, inapenya karatasi na kuacha doa linalong'aa, na haina harufu kali. Ikiwa imegeuka kahawia lakini doa bado ni safi, imechoka. Ibadilishe na uendelee na mpango wako. Ikiwa ni nyeusi, inanuka kama klachi iliyoungua, na katikati ya doa kunabaki vumbi jeusi lisilosambaa, basi pleti zimeanza kwisha. Hapo pesa ya kipoza iwekee giaboksi yenyewe.

Kuna rangi nyingine ya kuogopa zaidi: waridi mzito wenye povu, kama maziwa. Hiyo maana yake ni kwamba maji ya rejeta yameingia kwenye oili. Kipoza cha ndani ya rejeta kimetoboka. Nissan Pathfinder za 2005 hadi 2010 zilipata sifa mbaya sana kwa tatizo hili, lakini rejeta yoyote kuukuu inaweza kulileta, na maji huzibandua pleti za klachi kwa muda mfupi. Usiliendeshe gari hilo hata kwenda gereji. Livutwe.

Angalia pia kama gari lako lina paipu za oili zinazokwenda kwenye rejeta. Toyota nyingi za miaka ya karibuni zina kipoza kilichobandikwa ubavuni mwa giaboksi, na paipu zinazokifikia zinapitisha maji, si oili. Mtu akikata paipu hizo akidhani ni za oili atakuwa ameunganisha kipoza chake kwenye mfumo wa maji ya injini. Magari ya namna hiyo huhitaji adapta yake maalumu. Usianze kazi kabla hujaipata.

Kununua

Utakutana na aina mbili kubwa. Ya kwanza ni bomba moja lililokunjwa kwenda na kurudi, likavishwa mapezi. Ni rahisi, na kwa gari dogo la mjini inatosha. Ya pili ni ya pleti zilizopangwa moja juu ya nyingine, oili ikigawanyika katika njia nyingi nyembamba. Hii hupoza vizuri zaidi kwa ukubwa uleule, na nyingi zina njia ya mkato ndani yake, ili oili ikiwa nzito asubuhi ya baridi ipite bila kukwama. Kwa Surf inayobeba na kuvuta, chukua ya pleti. Anayeishi Makete au Njombe, ambako asubuhi za Juni na Julai zina baridi ya kweli, ahakikishe ina hiyo njia ya mkato.

Ukubwa hupangwa na watengenezaji kwa uzito wa gari pamoja na mzigo wake, na mara nyingi huandikwa kwa paundi. Zidisha kilo kwa 2.2. Surf yenye abiria na mizigo ikifika kilo 2,500 ni paundi 5,500. Ukiongeza trela la kilo 1,500 unakaribia paundi 8,800. Nunua kinachozidi hesabu yako kidogo. Katika nchi ya joto, kipoza kikubwa kupita kiasi si hatari ya kukukosesha usingizi; kidogo ndicho kitakachokuangusha.

Nasema kwa msisitizo: usinunue kipoza kilichotumika. Najua spea za mtumba kutoka Japani zimetuokoa wengi, na kwa taa, milango hata injini nzima sina neno. Lakini kipoza kilichotoka kwenye gari ambalo giaboksi yake ilikufa kimebaki na unga wa chuma kwenye njia zake nyembamba, na hakuna namna ya kuusafisha wote. Utaufunga mwenyewe kwenye giaboksi yako nzima. Na kama giaboksi yako ndiyo iliyobadilishwa baada ya kufa, jambo hilo linaihusu rejeta yako ya zamani pia: unga uko mle ndani, unasubiri.

Paipu za mpira ndipo watu wengi hubania pesa, na ndipo majanga mengi huanzia. Dai paipu iliyotengenezwa kwa ajili ya oili ya giaboksi. Iliyo sahihi huwa na maandishi SAE J1532 ubavuni. Paipu ya petroli inafanana nayo kwa macho, muuzaji atakuapia kwamba ni ileile, na ukiifunga haitavuja siku hiyo. Itavuja baada ya miezi, itakapokuwa imekauka na kupasuka karibu na klempu, pengine usiku na mbali na mji, na giaboksi itamwaga oili yote kabla hujaelewa harufu inatoka wapi. Pima kipenyo cha paipu za chuma za gari lako kabla ya kwenda dukani. Za milimita 8 na za milimita 10 ndizo za kawaida, na paipu inayoingia kwa ulegevu haiokolewi na klempu.

Chukua klempu za aina inayobana kwa mkanda laini usio na matundu. Zile za kawaida zenye meno hukata mpira zikikazwa sana.

Oili usiinunue kwa jina la mtaani. Ukifika dukani ukaomba haidroliki ya giaboksi utapewa iliyo karibu na mkono wa muuzaji. Toyota nyingi zimeandikwa aina ya oili kwenye stiki yenyewe: Dexron, T-IV na kadhalika. T-IV na WS hazibadilishani. Giaboksi za CVT nazo zina oili zake, kama NS-2 kwenye Nissan X-Trail za T31, na ukiweka oili ya otomatiki ya kawaida humo unaiua.

Kujua oili inatoka upande gani

Njia ya oili unayoitaka ni hii: itoke kwenye giaboksi, ipite kwenye rejeta, kisha kwenye kipoza kipya, ndipo irudi kwenye giaboksi. Rejeta inaanza kuupunguza moto mkali, upepo unamalizia, na giaboksi inapokea oili iliyopoa kuliko wakati mwingine wowote. Ukiweka kipoza kabla ya rejeta, oili uliyokwisha kuipoza itaingia kwenye maji ya nyuzi 90 na kupashwa moto upya. Wapo wanaoiruka rejeta kabisa na kutumia kipoza peke yake. Mimi ningefanya hivyo pale tu rejeta ni kuukuu na sina uwezo wa kuibadilisha, kwa kuogopa ule uji wa waridi, na ningechagua kipoza kikubwa zaidi.

Kwa hiyo lazima uijue paipu ya kurudi. Kwenye Surf, paipu mbili za chuma hutoka kwenye giaboksi zikapita ubavuni mwa injini hadi chini ya rejeta, na pale mwisho kila moja imeunganishwa na mdomo wa rejeta kwa kipande kifupi cha mpira. Endesha gari dakika kumi, liegeshe, kisha pima kila paipu kwa kipimajoto cha mwali. Yenye joto zaidi inatoka kwenye giaboksi. Iliyopoa kidogo ndiyo inayorudi. Kama tofauti haionekani vizuri, subiri gari lipoe, chomoa mpira mmoja kwenye mdomo wa rejeta, elekeza ncha zote mbili kwenye madumu mawili, na mwenzako awashe injini kwa sekunde mbili tu, gia ikiwa P. Oili ikitokea upande wa rejeta, umeipata paipu ya kurudi. Sekunde mbili zinatosha; giaboksi inaweza kumwaga lita nzima kabla hujamaliza kupiga kelele za kumzuia.

Kufunga

Egesha mahali tambarare na weka stendi chini ya gari. Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Ondoa shoo ya mbele, na bampa kama inazuia. Kata kipande cha boksi chenye ukubwa wa kipoza, kipachike mbele ya kondensa ya AC, uone kinapokaa bila kugusa komeo la boneti. Honi mara nyingi ndiyo inayoziba njia, na kuihamisha ni kazi ya boliti moja. Mahali pazuri ni pale ambapo feni ya injini, iliyo nyuma ya rejeta, inavuta upepo. Kwenye foleni hakuna upepo mwingine, na kipoza kilichowekwa pembeni nje ya eneo la feni hakina kazi gari likisimama.

Vipoza vingi huja na vijiti vya plastiki vya kuchomeka katikati ya mapezi ya rejeta na kubana upande wa pili. Vitupe. Kwenye lami ya Ulaya labda vinavumilika. Kwenye barabara yenye mawimbi ya changarawe kipoza hutikisika, vijiti huyasaga mapezi, na mwisho wake kondensa inatoboka au rejeta inavuja. Tengeneza mabano kwa chuma bapa cha milimita 3, yashikilie kwenye fremu ya chuma inayobeba rejeta, weka raba kati ya chuma na kipoza, na tumia nati zenye plastiki ndani zisizolegea kwa mtikisiko. Acha nafasi ya sentimita moja au mbili kati ya kipoza na kondensa. Ukikishika kwa mkono na kukitikisa, gari zima litikisike nacho.

Midomo ya kipoza itazame juu au pembeni. Ikitazama chini, hewa inabaki imenaswa juu na sehemu ya kipoza haifanyi kazi.

Sasa paipu. Kwa Surf hakuna haja ya kukata chuma chochote. Chomoa kile kipande cha mpira cha upande wa kurudi. Kutoka kwenye mdomo wa rejeta peleka paipu mpya hadi mdomo mmoja wa kipoza, na kutoka mdomo wa pili rudisha paipu nyingine hadi kwenye paipu ya chuma inayokwenda giaboksi. Mpira ukate kwa wembe mkali. Kwenye gari linalolazimu kukata paipu ya chuma, tumia kikata bomba cha kuzungusha, kamwe usitumie msumeno, kwa kuwa unga wake utaingia ndani. Na paipu laini iliyokatwa haina kingo ya kuuzuia mpira usichomoke. Itafutie kifaa cha kutengeneza kingo hiyo kabla hujavisha chochote.

Paka oili kidogo ndani ya mpira, usukume uingie sentimita tatu hivi, na klempu ikae nyuma ya kingo, si juu yake wala mwishoni kabisa. Kaza hadi uone mpira umevimba kidogo pande zote mbili za mkanda, basi. Paipu zinapopenya bati la mbele zivishe raba kwenye tundu, la sivyo bati litazikata. Ziwe mbali na mkanda wa feni, ekzosi na usukani, zikunje kwa mviringo mpana bila kubonyea, na ziache zilegee kidogo kwa sababu injini hucheza kwenye maunti zake kila unapokanyaga mafuta.

Kujaza na kujaribu

Kipoza kipya na paipu zake humeza oili, kwa kawaida nusu lita au zaidi kidogo. Ongeza nusu lita kwanza, washa injini, na huku ukikanyaga breki pitisha gia zote taratibu kutoka P hadi L na kurudi P. Mulika kila kiungo kwa tochi. Kisha endesha kilomita kumi hivi, rudi mahali palepale tambarare, na pima injini ikiwa inaunguruma, gia P, kwa alama ya joto kwenye stiki. Ikipungua, ongeza mililita 200 kwa mara moja. Usijaze kupita alama: oili ikizidi hupigwa na vyuma vinavyozunguka, hutoka povu, na povu halibebi presha. Giaboksi zisizo na stiki hupimwa kwa kufungua boliti ya chini oili ikiwa kwenye joto maalumu lililoandikwa kwenye kitabu cha gari. Bila kifaa cha kusoma joto hilo, kazi hiyo mwachie fundi aliye nacho.

Weka kipande cha boksi chini ya gari usiku. Tone jekundu asubuhi litakuonyesha kiungo cha kukaza. Baada ya kilomita 100 kaza klempu zote tena, maana mpira hulainika ukipata moto mara ya kwanza.

Gari la mwaka 1996 au zaidi huenda lina soketi ya OBD2 chini ya dashibodi, na kifaa kidogo cha Bluetooth pamoja na simu yako vitakusomea joto la giaboksi ukiwa njiani, mradi kompyuta ya gari lako inalitoa. Hailitoi? Funga geji yako mwenyewe. Ile taa ya A/T OIL TEMP kwenye Surf na Prado si geji, ikiwaka mambo yamekwisha kuharibika. Ukishakuwa na namba, panda mlima uliouzoea na uangalie. Ikipita 110, zima O/D ili giaboksi iache kuhangaika kati ya gia mbili. Kwenye mchanga ingia L4, konvata ipumzike. Ikigusa 120, egesha pembeni, weka P, na acha injini iendelee kuunguruma. Wengi huzima hapo, na kwa kuzima wanaisimamisha pampu ya oili, kipoza nacho kinabaki hakina cha kupoza.

Kila unapofanya sevisi, osha mapezi ya kipoza kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kuja mbele. Wadudu, majani na vumbi la safari za mbuga huyaziba kidogo kidogo, na kwa kuwa kimekaa mbele ya wote, kipoza kikiziba kinawanyima upepo kondensa na rejeta zilizo nyuma yake.